Kidonge cheupe cha miligramu 1: tathmini baada ya miezi 20 ya matumizi

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni ndogo kuliko punje ya hindi na haina jina la kujivunia. Ni kidonge cheupe cha miligramu 1 cha prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe mwilini, kile kisichopakwa ganda lolote, ambacho nimekuwa nikikimeza kwa miezi 20 nikipunguza steroidi niliyoandikiwa kwa ajili ya ugonjwa uitwao polimialgia rumatika, unaoumiza na kukaza mabega na nyonga. Nitasema pia machache kuhusu vidonge vya miligramu 5 na 2.5, kikata vidonge, na kisanduku cha kupangia dawa za wiki chenye vyumba saba, kwa kuwa kidonge hiki hakifanyi kazi peke yake. Maoni yangu nayaweka mbele ili asiye na muda asisumbuke kusoma hadi mwisho: mtu anayetakiwa kushuka polepole kutoka kwenye dawa hii ahakikishe ana vidonge vya miligramu 1 mkononi kabla hajaanza kushuka, na asikubali kupewa kingine badala yake bila kumuuliza daktari wake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 66, na makazi yangu ni Leicester, Uingereza. Ugonjwa ulinianza mabegani na nyongani. Nilianza kuamka nikiwa nimekaza mwili mzima, nisiweze kuinua mikono kufunga ushungi wala kugeuka kitandani bila kujishika ukingoni, na kuinuka kutoka kwenye sijida kukawa shughuli ya kumwita mtu, hadi nikaanza kuswali kwenye kiti. Ajabu yake ni kwamba ikifika saa tano au saa sita mchana mwili hulegea, ukafanya kazi zako karibu kama kawaida, na anayekuona wakati huo hawezi kusadiki habari za alfajiri. Daktari wa kwanza alidhani ni bega lililokaza kwa uzee. Simlaumu sana, kwa sababu polimialgia huwapata watu waliopita miaka 50, wanawake zaidi ya wanaume, na huonekana zaidi kwa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Mwanamke mweusi kutoka Tanga si sura inayokuja kwanza akilini. Vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyoonyesha kuwepo kwa uvimbe ndani ya mwili, ndivyo vilivyomgeuza mawazo.

Nilianzishiwa miligramu 15 kwa siku. Siku ya tatu niliinuka kitandani, nikaenda jikoni, nikateremsha sufuria kutoka kwenye rafu ya juu, na ndipo nilipotambua kwamba nimeiteremsha kwa mikono yote miwili. Wanaojua historia ya dawa hizi watakumbuka kwamba daktari Philip Hench wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani alishuhudia jambo kama hili mwaka 1948, alipompa kotisoni, steroidi ya jamii hii hii, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, naye baada ya siku chache akatoka kwenda madukani. Hench na wenzake wawili walipata tuzo ya Nobel mwaka 1950. Madhara ya dawa nayo hayakuchelewa kujulikana, na kwa sababu ya hayo madhara mimi leo naandika kuhusu vidonge vya miligramu 1 wala si kuhusu vile vilivyoniinua.

Steroidi haipendezi kukaa nayo muda mrefu, wala haikubali kuachwa ghafla. Ukikaa nayo, hula mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hunyima usingizi, na huujaza uso. Ukiiacha ghafla, unakuta tezi mbili zilizokaa juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya kotisoli inayolingana takriban na miligramu 5 za prednisoloni kwa siku, zimelala usingizi kwa sababu kwa miezi mingi kazi yao ilifanywa na kidonge. Mtu wa namna hiyo akipatwa na homa kali au akifanyiwa upasuaji, mwili wake hauna cha kuutegemeza, na anaweza kufa. Basi njia iliyobaki ni kushuka, tena kwa hatua ndogo. Utaratibu unaofuatwa na madaktari wengi hapa Uingereza ni miligramu 15 kwa wiki 3, kisha 12.5 kwa wiki 3, kisha 10 kwa wiki 4 hadi 6, na baada ya hapo kupunguza miligramu 1 kila baada ya wiki 4 hadi 8. Hiyo miligramu 1 ya mwisho ndiyo bidhaa yetu.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana bila hesabu hii uzuri wa kidonge hauonekani. Kushuka kutoka 10 hadi 9 ni kupunguza sehemu moja ya kumi ya dawa. Kushuka kutoka 5 hadi 4 ni sehemu moja ya tano. Kushuka kutoka 2 hadi 1 ni nusu nzima. Kwa hiyo hatua ileile ya miligramu 1, ambayo juu ya ngazi mwili hauigundui, inakuwa nzito kadiri unavyokaribia chini, na huko chini ndiko tezi zinakotakiwa kuamka. Kidonge cha miligramu 1 kikikatwa katikati hukupa hatua ya nusu miligramu, yaani kutoka 5 hadi 4.5, kisha 4, kisha 3.5, na hivyo ndivyo mimi na daktari wangu tulivyokubaliana nilipofika 5. Kidonge cha miligramu 5 kikikatwa katikati hukupa 2.5, na ukijaribu robo utapata 1.25 ikiwa mkono wako ni wa sonara.

Tofauti hiyo niliijua vizuri nilipokwenda nyumbani Tanga kwenye arusi ya mpwa wangu. Wakati huo nilikuwa kwenye miligramu 7, yaani kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 1. Nilikuwa nimebeba vya wiki nne, safari ikarefuka hadi wiki sita kwa sababu za kifamilia ambazo kila anayetoka Ulaya kwenda nyumbani anazifahamu, na vidonge vya 1 vikaisha. Niliingia maduka matatu ya dawa. Yote yalikuwa na prednisoloni, tena kwa bei ndogo sana, na yote yalikuwa na ya miligramu 5 peke yake. Katika duka moja kijana wa kaunta aliniambia, kwa heshima na kwa nia njema kabisa, "Mama, meza kimoja tu, ukijisikia maumivu uongeze." Kwake yeye dawa hii ni ya siku tano za pumu au mzio, na kwa siku tano maneno yake yasingekuwa na ubaya mkubwa. Kwangu mimi kilikuwa kishindo cha kutoka 7 hadi 5 kwa siku moja. Nilimpigia daktari wangu simu, akaniambia nipande hadi 7.5 kwa kumeza kimoja na nusu, nibaki hapo hadi nirudi. Nilipanda, na nikapoteza karibu miezi miwili ya safari ya kushuka. Tangu hapo hubeba vidonge vya miezi mitatu hata nikienda kwa wiki mbili, pamoja na barua ya daktari, na huvigawa nusu kwenye mkoba wa mkononi na nusu kwenye sanduku.

(Huko Tanga, kwa njia, uso wangu uliojazwa na dawa ulinipatia sifa nyingi. "Umenawiri, dada, Ulaya imekukubali." Wapo hata walioniuliza ni kidonge gani ili na wao wanunue, nikawakatalia katakata kukitaja jina.)

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, nililifanya mwenyewe hapahapa Leicester, kabla ya safari hiyo, na kidonge hakihusiki. Nilikuwa kwenye 8 na najisikia mzima, nikaona hakuna haja ya kupita 7, nikaruka hadi 6. Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya tatu mabega yalirudi, kisha nyonga, na ESR iliyokuwa imeshuka ikapanda tena. Nilirudishwa kwenye 8 na nikakaa hapo miezi miwili. Ugonjwa kurudi wakati wa kupunguza dozi ni jambo la kawaida hata kwa anayefuata utaratibu, kwa hiyo sidai kwamba asiyeruka hatua hatapatwa. Lakini nilijifunza kutofautisha mambo mawili yanayofanana. Kila nikishuka hatua, siku ya pili au ya tatu mwili huuma kidogo kila mahali na kuchoka, kisha baada ya siku kumi hivi maumivu hupungua yenyewe. Hayo daktari aliniambia ni mwili unaoililia dawa. Ugonjwa wenyewe unaporudi huanza taratibu, huchagua mabega na nyonga, hukaza asubuhi, na kila wiki huwa mbaya kuliko iliyotangulia. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila asubuhi dakika ngapi zimepita kabla sijaweza kuinua mkono juu ya kichwa, na daftari hilo limemsaidia daktari kuliko maelezo yangu ya mdomo.

Sasa nije kwenye kasoro za bidhaa, maana zipo. Ya kwanza ni rangi. Kidonge cha 1 ni cheupe, cha mviringo, na kidogo; kidonge cha 5 kisicho na ganda ni cheupe, cha mviringo, na kidogo. Vile ninavyopewa mimi hutofautiana kwa alama iliyochongwa juu, ambayo mtu wa miaka 66 huiona kwa miwani na kwenye mwanga wa dirishani. Mtu akikosea na kumeza vinne vya 5 badala ya vinne vya 1, amemeza 20 badala ya 4, na akikosea kinyume chake amejipunguzia dawa kwa kishindo bila kujua. Sielewi kwa nini watengenezaji hawatii kimoja rangi. Mimi nimejitatulia kwa kuviweka vya 5 kwenye kopo lenye kifuniko chekundu katika kabati tofauti, na siku ya kupanga dawa sifungui makopo yote mawili kwa pamoja.

Kasoro ya pili ni uchungu. Ukikiacha ulimini kwa sekunde mbili utajuta, na kikishakatwa ni kibaya zaidi. Dawa yake ni kukifuatishia kijiko cha uji au mtindi mara moja. Kasoro ya tatu ni wingi: kwenye 4 nilikuwa nikimeza vinne kwa siku, ambavyo ni 112 kwa wiki nne, yaani paketi nne za vidonge 28. Hapa England aliyefikisha miaka 60 halipii dawa za cheti, kwa hiyo sikuumia mfukoni, lakini paketi hujaa droo, na kuzitoa zote kwenye karatasi zake kwa vidole vyenye maumivu ni kazi.

Vipo pia vidonge vyenye ganda, vya 2.5 ambavyo ni vya kahawia na vya 5 ambavyo ni vyekundu, vilivyotengenezwa ili viyeyuke baada ya kupita tumboni. Rangi zake ni raha kwa macho. Tatizo ni kwamba havikatwi, kwa sababu ukikata umeharibu ganda lenyewe, na kwa sababu hiyo havifai kabisa kwa anayeshuka kwa hatua ndogo. Duka moja la dawa, ambalo silitaji, liliwahi kunipa vya 2.5 vyenye ganda badala ya vya 1, likanieleza kwamba "ni dawa ileile". Ni dawa ileile kama vile noti ya elfu kumi na sarafu ya mia ni pesa ileile. Mwambie kondakta wa daladala akurudishie chenji uone. Duka ninalotumia sasa linaendeshwa na mfamasia ambaye wazazi wake ni Wahindi waliotoka Uganda mwaka 1972 wakati wa Idi Amin, na mama yake, ambaye hukaa kwenye kiti karibu na kaunta, hunisalimia kwa Kiswahili cha dukani ambacho hakijachuja kwa nusu karne. Hao huniagizia vya 1 wiki moja kabla ya vilivyopo kuisha. Huduma ya namna hiyo nimeona ina uzito kuliko jina la kiwanda kwenye paketi.

Kikata vidonge ni kijisanduku cha plastiki chenye wembe kwenye kifuniko. Ni cha bei ndogo na kinafaa, lakini kwa kidonge kidogo kama hiki hakitoi nusu mbili zilizo sawa, na vidonge vingine huvunjika unga. Mwanzoni lilinisumbua, hadi nilipofikiri kwamba nusu kubwa niliyomeza leo lazima ifuatwe kesho na nusu ndogo ya kidonge hichohicho, kwa hiyo kila siku mbili hesabu inatimia. Muhimu ni kukata kimoja na kukimaliza kabla ya kukata kingine. Kukata paketi nzima siku moja, kama nilivyofanya mara ya kwanza, kuliniachia nusu zisizo na mwenzake na unga mwingi chini ya kopo.

Kisanduku cha vyumba saba nilikinunua kikiwa na herufi za siku kwa Kiingereza, zenye T mbili na S mbili, kikianza na Jumatatu. Nilibandika karatasi juu yake, nikaandika kuanzia Jumamosi kama tulivyozoea kuhesabu, na hukijaza kila Ijumaa baada ya Alasiri. Bila kisanduku nisingejua kama asubuhi nimemeza au sijameza, kwa sababu steroidi hii hunywewa mara moja kwa siku, asubuhi, baada ya kula, na tendo linalofanyika kila siku kwa namna ileile ndilo linalosahaulika upesi zaidi.

Kwa Waislamu wenzangu, swali la Ramadhani halikwepeki. Ramadhani ya kwanza, nikiwa kwenye dozi za juu na sukari imepanda kidogo, daktari alinikataza kufunga, nami nikalisha maskini kwa siku zile. Ya pili, nikiwa kwenye dozi ndogo na sukari imetulia, aliniruhusu kumeza dozi yote wakati wa daku, kwa sharti kwamba nikihisi kizunguzungu, kutapika au homa nifungue mara moja. Nilifungua siku mbili. Usichukue ruhusa yangu ukaifanya yako. Umri, sukari na dozi ya kila mtu ni vyake.

Vitu viwili huambatana na kidonge hiki ingawa haviuzwi nacho. Cha kwanza ni kinga ya mifupa: kalisiamu, vitamini D, na kwa wengine kama mimi asidi ya alendroniki ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, ambayo humezwa kabla ya kula chochote, kwa maji matupu yaliyojaa bilauri, na kisha hulali wala hujilazi kwa nusu saa, kwa sababu ikikwama kwenye umio huuchoma. Cha pili ni kadi nyekundu ya dharura ya steroidi, inayotolewa hapa Uingereza tangu mwaka 2020, inayomweleza mhudumu wa hospitali kwamba mwenye kadi hii asikatishiwe steroidi, na kwamba akizidiwa huenda akahitaji sindano ya haidrokotisoni, ambayo nayo ni steroidi, bila kuchelewa. Kabla ya kwenda Tanga niliandika maneno hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi, nikaikunja nyuma ya kadi, na nikamwonyesha mpwa wangu mahali ilipo. Niseme pia jambo ambalo kila mwenye polimialgia huambiwa na wengi husahau: kichwa kikikuuma upya upande wa panja, taya likiuma unapotafuna, au jicho likiona ukungu au giza, hiyo si dalili ya kusubiri miadi. Ni siku hiyohiyo hospitalini, kwa kuwa mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imeshikwa na uvimbe, na jicho lililopotea kwa ugonjwa huo kwa kawaida halirudi.

Leo niko kwenye miligramu 3. Nilikaa kwenye 5 kwa miezi mitatu kwa sababu ya uchovu, hadi kipimo cha kotisoli cha saa tatu asubuhi kilipoonyesha kwamba tezi zimeanza kuitikia, na kuanzia hapo nimeshuka nusu nusu kila baada ya wiki sita. Uso wangu umerudi kuwa wangu, usingizi umerudi kwa kiasi, nasujudu kwenye mkeka, na ushungi naufunga mwenyewe.

Kidonge cha miligramu 1 nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya rangi. Vidonge vyenye ganda nawapa wengine wavitathmini, ila kwa kazi hii ya kushuka nisingevipa hata moja. Kikata vidonge nyota tatu, kisanduku nyota tano baada ya kubandika karatasi. Anayenunua kikata vidonge achague chenye kitako cha mpira kinachokishika kidonge kisiteleze, na amwombe mfamasia amkatie kimoja mbele yake kabla ya kulipa.